Kabla ya Kununua Mguu wa Kwilti, Jiulize Nani Anasogeza Kitambaa

(Haya ni maongezi niliyofanya na mafundi na akina mama wanaoshona kwilti, yale mashuka manene ya tabaka tatu, kwa mabaki ya vitenge hapa Dar, waliokosa kuja wameomba wayasome kwaiyo nimeyaandika kama nilivyoongea.)

Shikamooni mama zangu, na nyie dada na kaka zangu mafundi habari za asubuhi. Nashukuru mmekuja wengi hivi, na nimefurahi zaidi kuona wengine mmebeba na vichwa vya cherehani kabisa, ndo nilichokuwa nakitaka maana haya mambo ukiyaongea bila mashine mbele yanabaki maneno tu.

Nimeombwa niongelee miguu ya cherehani, yani kile kipande cha chuma kinachokandamiza kitambaa pale sindano inaposhuka, kwa ajili ya kwilti, na najua swali mlilokuja nalo ni ninunue upi. Siku hizi ukiingia duka la vifaa vya ushonaji unaonyeshwa boksi lenye miguu 32, lingine 42, imepangwa vizuri inang'aa, na bei yake ukiigawa kwa mguu mmoja mmoja inaonekana rahisi mno. Mimi naomba msinunue boksi. Kwilti inahitaji miguu mitatu, na kuna watu wanashona kwilti nzuri sana na miwili. Miguu mingine iliyobaki kwenye boksi ni ya zipu, ya pindo la kuviringisha, ya lastiki, ni vitu vizuri lakini sio kazi iliyotuleta leo, na hela hiyo bora ukanunulie uzi wa maana.

Sasa badala ya kukariri majina ya miguu, nataka mshike swali moja na mlitumie kwenye kila mguu mtakaoshikishwa dukani: hapa kitambaa nani anakisogeza? Ukijua jibu la hilo umeshajua mguu ni wa kazi gani hata kama boksi limeandikwa kichina.

Angalieni chini ya mguu, pale kwenye bamba la sindano, kuna meno. Hayo meno yanaenda hatua nne, yanapanda, yanasukuma nyuma, yanashuka, yanarudi mbele, alafu yanaanza tena. Mpangilio huo aliupatia hatimiliki Mmarekani Allen Wilson mwaka 1854 na mpaka leo cherehani yako ya umeme yenye kioo bado inatembea hivyohivyo. Mguu wenyewe kwa kawaida hausogezi kitu, kazi yake ni kukandamiza kitambaa kikae juu ya meno, na kukizuia kisinyanyuke na sindano pale sindano inapopanda, maana kikinyanyuka ndo hapo unapata stichi zinazoruka. Kwaiyo kwenye mshono wa kawaida, wa gauni, wa shati, anayesogeza ni meno ya chini peke yake. Kwa vitambaa viwili inatosha kabisa. Tatizo linaanza kwenye kwilti kwa sababu tuna tabaka tatu, kitenge juu, blanketi au pamba katikati, na kitambaa cha chini, meno yanashika cha chini tu wakati mguu unakwangua cha juu ukikichelewesha, ukifika mwisho wa mstari unakuta cha juu kimebaki kidole kizima mbele na huku chini kumejaa mikunjo. Fundi anajilaumu, anafumua, anashona tena, inatoka vilevile, na sio yeye mwenye kosa, ni mguu sio wake.

Lakini kabla sijafika huko kuna jambo la shingo, yani ile sehemu mguu unapofungwa kwenye mashine, na hili tafadhali mlisikie vizuri maana ndo linalopoteza hela za watu. Miguu haiingiliani. Shusha mguu wako chini, pima kuanzia kwenye bamba mpaka katikati ya ile skurubu inayoshika mguu. Ukipata karibu robo tatu ya inchi, yani milimita 19 hivi, una shingo fupi, na hapo ndo wapo wengi wenye Singer nyeusi za kukanyaga, Butterfly, na vile vidogo vya umeme vya nyumbani vya Brother na Janome vilivyo vingi. Ukipata kama inchi 1 na robo, milimita 32, una shingo ndefu, hizo ni mashine za kiwandani kama Juki DDL-8700 walizonazo mafundi wengi mjini, na baadhi ya mashine kubwa za nyumbani. Kuna na Singer za miaka ya 1950 na 1960 kama 401 ambazo shingo na sindano vimelala mshazari, hizo zina miguu yake, ukiifunga ya wengine sindano inagonga chuma. Na mwenye Bernina atafute miguu ya Bernina au adapta yake, asihangaike.

Kuna mashine zenye kisigino, kile kishikio kinachobaki kwenye mashine, na mguu unabandua tu kwa kubonyeza, hizo ni rahisi kubadili, ila mguu unaotembea na ule wa kushona huru, tutaifikia mbele, hauvaliki pale, lazima ufungue kisigino chote kwa bisibisi. Na ukienda dukani beba mguu wako wa zamani mfukoni, muuzaji aufananishe. Usimwambie tu nina Singer, Singer ziko za aina nyingi mno na muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake.

Haya, mguu wa kwanza, mguu wa robo inchi. Huu ni wa kuunganisha vipande. Anayesogeza ni meno ya chini tu, kama kawaida, tofauti ni kwamba ukingo wa kulia wa mguu uko robo inchi kamili kutoka kwenye sindano, na mingine ina kibati kimesimama pembeni kitambaa kinaegemea hapo. Fundi aliyezoea nguo ataniambia mimi robo inchi naiona kwa macho, na kwenye gauni ni kweli, ukizidisha kidogo nani atajua. Kwenye kwilti inajulikana. Chukua bloku, yani mraba mmoja wa kwilti, ya vipande tisa, kila kipande umekata inchi 2 na nusu, ikiisha inatakiwa iwe inchi 6 na nusu ili ikae sawa na kipande kizima cha inchi 6 na nusu kilicho jirani yake. Bloku ile ina mishono miwili kwenda upande mmoja. Ukizidisha mshono kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, kitu ambacho jicho halikioni, kila mshono unakula sehemu moja ya 8 zaidi kwa sababu vitambaa ni viwili, mishono miwili imekula robo inchi, na bloku yako sasa ni inchi 6 na robo inatakiwa iungane na ya 6 na nusu. Utavuta. Ukivuta, kwilti inakuja kuwa na matuta katikati ambayo pasi haiwezi kuyalaza.

Na kitenge ni kizito kuliko pamba nyepesi ambazo wenzetu huko nje wanakwiltia, ule mkunjo wa mshono unakula nyuzi moja mbili, kwaiyo shona pungufu kidogo sana ya robo inchi. Utajuaje umepatia? Kata vipande vitatu vya upana wa inchi 1 na nusu, viunganishe kwa urefu, piga pasi, alafu pima kile cha katikati. Kinatakiwa kisome inchi 1 kamili. Kikisoma chini ya hapo unashona pana, sogeza. Fanya hivyo kwa kitenge chako mwenyewe, na uzi utakaotumia, sio kitambaa kingine. Na vitenge vifueni kwanza jamani, ile wanga ya dukani ikitoka na kitambaa kikarudi, hesabu zote zinabadilika.

Asiye na mguu huu asilie. Weka rula ya inchi chini ya sindano, shusha sindano kwa mkono mpaka iguse mstari wa robo, bandika maskingi tepu kwenye bamba pembeni ya rula, tabaka kadhaa ili iwe na ukuta kidogo kitambaa kiegemee, ila usizibe meno. Inafanya kazi vizuri kabisa. Wenye mashine za kiwandani nyie mna bahati, ipo miguu ya shingo ndefu yenye kibati cha springi pembeni ya robo inchi, viwandani wanaitumia kila siku, ulizeni. Na wenye mguu wenye tundu dogo moja la sindano, hakikisheni sindano iko katikati na mashine iko kwenye mshono wa kunyooka, ukisahau iko zigizaga sindano inavunjikia kwenye chuma na kipande kinaruka, angalieni macho yenu.

Mguu wa pili ndo nataka tukae nao, mguu unaotembea. Huu ni mkubwa, una umbo baya, una kama sanduku na mkono wenye uma pembeni. Jibu la swali letu hapa ni kwamba kitambaa kinasogezwa na meno ya chini pamoja na meno ya juu, maana mguu wenyewe una meno yake chini ya tumbo. Ule uma unakaa juu ya skurubu inayobana sindano, sindano ikipanda inaunyanyua uma, ikishuka inaushusha, na huko ndani meno ya juu yanapiga hatua pamoja na ya chini. Tabaka zote tatu zinasafiri kwa mwendo mmoja. Ndo maana kama una hela ya mguu mmoja tu na unataka kukwilti, yani kushona tabaka zote tatu pamoja, kwa mistari, nunua huu, huo wa robo inchi utumie tepu.

Kwetu sisi una umuhimu wa ziada. Wengi hatupati ile pamba maalum ya kwilti, tunaweka blanketi la flisi la mtumba, na flisi inavutika. Weka kitu kinachovutika katikati ya vitenge viwili visivyovutika alafu ushone na mguu wa kawaida, utaona mwenyewe.

Kuufunga kuna utaratibu wake. Nyanyua sindano juu kabisa, toa mguu wa zamani na kisigino chake, ingiza mpya kwa nyuma huku uma ukipanda juu ya skurubu ya sindano, alafu kaza skurubu ya mguu kwa bisibisi, sio kwa vidole, kwa sababu mguu huu unatetemeka na utailegeza. Kaza na skurubu ya sindano pia, ule uma unaisugua kila stichi na mwisho inafunguka. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko kadhaa ukiangalia sindano inapita bila kugusa kitu, ndo ukanyage.

Kuna tahadhari mbili za wenye cherehani nyeusi. Ya kwanza, angalia skurubu ya sindano yako imekaa upande gani, uma wa miguu mingi unatarajia iwe kulia, kama yako iko sehemu ambayo uma haufiki, mguu huo hautatembea hata ukiulazimisha. Ya pili hawaiongelei sana, meno ya mashine za mshono wa kunyooka ni membamba, yamekaa karibu karibu, wakati miguu mingi inayouzwa saivi imetengenezwa kwa mashine za zigizaga zenye meno mapana, kwaiyo unaweza kuufunga vizuri na bado meno ya juu yasikutane na ya chini. Ndo maana mtu anasema nimenunua mguu unaotembea na sijaona tofauti. Ukiwa dukani ugeuze mguu uangalie meno yake yako umbali gani, ulinganishe na picha ya meno yako uliyopiga na simu.

Wa mashine za kiwandani, kusema ukweli njia nzuri kwenu ni mashine yenye mguu unaotembea ndani yake toka kiwandani, kama zile za mafundi wa masofa, ila meno yake ni makali yanaacha alama kwenye kitambaa cha pamba, jaribuni kwanza kwenye kipande.

Ukishaufunga, ongeza urefu wa stichi, milimita 3 hivi. Kwenye Singer nyeusi zile namba za wenzo ni idadi ya stichi kwa inchi, weka kati ya 8 na 10. Sindano namba 14, na ukipita kwenye jinzi weka 16. Punguza mkandamizo wa mguu kwa ile skurubu iliyo juu ya kichwa upande wa sindano, kwa sababu tabaka tatu zimeshanenepa zenyewe. Zishike tabaka kwa pini za kufunga, kila baada ya upana wa kiganja, anza mistari ya katikati ya kwilti uende nje, na nenda taratibu jamani, mguu huu haukutengenezwa kwa mbio na haupendi kurudi rivasi. Ni wa mistari ya kunyooka, wa kufuata mshono, na kona pana za taratibu. Maua, majani, mizunguko, usiulazimishe.

Hayo maua ndo kazi ya mguu wa tatu, wa kushona huru. Hapa meno unayashusha au unayafunika, kitambaa kinasogezwa na mikono yako mwenyewe, mbele, nyuma, pembeni, popote. Mguu wake unaruka, sindano ikishuka unashuka kushika kitambaa, sindano ikipanda unanyanyuka unakuachia usogeze. Wale mnaodarizi kwa cherehani hii kazi mnaijua tayari, nyie mnatoa mguu kabisa na kubana kitambaa kwenye duara, na duara ndo linakishika kisinyanyuke. Tabaka tatu haziingii kwenye duara vizuri, ndo maana kwenye kwilti tunahitaji mguu, na pia vidole vyako viko karibu sana na sindano, mguu unavikinga.

Mashine nyingine zina kitufe au skurubu ya kushusha meno, nyingine hazina. Isiyo nayo, bandika kadi ngumu juu ya meno kwa tepu, toboa tundu la sindano, na weka urefu wa stichi kwenye sifuri. Na hapa kuna kitu kinachowaliza watu, kwa kuwa mguu huu unaonekana umening'inia hewani, mtu anasahau kushusha wenzo wa mguu. Wenzo ukiwa juu tensheni ya uzi imefunguka, ukianza kushona chini panatokea kichaka cha nyuzi mpaka mashine inakwama. Shusha wenzo, kila mara. Alafu vuta uzi wa bobini uje juu kabla hujaanza, shika nyuzi zote mbili kwa stichi za mwanzo.

Urefu wa stichi sasa unatoka kwenye uwiano wa mguu wako wa kukanyaga na mikono yako, mikono ikienda haraka na mashine pole stichi zinakuwa ndefu kama za kushikizia kwa muda, mashine ikienda kasi na mikono imesimama zinarundikana. Inachukua muda, na hakuna mguu wa bei yoyote unaoweza kukununulia huo muda. Tengeneza vipande vidogo vya tabaka tatu za mabaki, kaa navyo. Na kwa joto letu mikono inateleza, nunua zile glavu za kazi zenye vitone vya mpira kwenye vidole, ni rahisi na zinashika kitambaa vizuri sana. Kama unachagua kati ya mguu wenye duara lililofunga na ulio wazi mbele, chukua ulio wazi, unaona unakoenda, isipokuwa kama kwilti yako ina mishono mingi iliyovimba au vitu vilivyobandikwa juu, hapo ule wazi unanasa ncha, uliofunga unapita.

Kuna wanaosema kwilti ya mashine sio kwilti, ya kweli ni ya mkono. Naiheshimu sana kazi ya mkono. Lakini Harriet Powers, mama aliyezaliwa utumwani Georgia kule Marekani mwaka 1837, kwilti yake ya habari za Biblia iko kwenye makumbusho ya Smithsonian kulekule Marekani mpaka leo na ina mishono ya mkono na ya mashine yote miwili. Na mwaka 1989 kwenye maonyesho makubwa ya kwilti ya Paducah, Kentucky, Marekani, Caryl Bryer Fallert alichukua tuzo ya juu kabisa na kwilti iliyokwiltiwa kwa mashine, ikiwa ni mara ya kwanza. Kwaiyo mtu asiwavunje moyo kwa hilo, hasa nyie mnaoshona kuuza na mnahitaji kumaliza kitanda kizima ndani ya wiki.

Miguu mingine naipitia haraka. Wa kubandika maua na herufi juu ya kitambaa, tafuta ulio wazi mbele na wenye mfereji chini, zile zigizaga nene zinapita kwenye mfereji bila kukwama, huu ukiwa na mashine ya zigizaga unaufaidi kweli. Wa kibati cha katikati unaofuata mstari wa mshono, ni mzuri kwa tabaka mbili, kwa kwilti nene bado mguu unaotembea unaushinda. Wa kutumia rula nene za plastiki, huo subirini mpaka mmezoea kushona huru, na msije mkaweka rula pembeni ya mguu wa kawaida, inaweza ikateleza chini ya mguu na sindano ikaipiga. Rula nazo zina unene wake kulingana na shingo ya mashine, shingo fupi kwa kawaida inataka nyembamba zaidi.

Mguu unaotembea mkimaliza kazi uufuteni vumbi la pamba, dondosha tone moja la mafuta ya cherehani pale mkono unapocheza, alafu ushone kwanza kwenye kitambaa kibovu ili mafuta yasije kuchafua kwilti ya mteja.

Sasa maneno yametosha. Wenye cherehani nyeusi njooni meza hii ya dirishani tupime shingo na tuangalie meno, wenye za umeme nendeni ile ya pili kuna vipande vimeshakatwa inchi 1 na nusu mfanye jaribio la robo inchi, na nyie mnaodarizi naomba mkae na mama zangu hawa mezani kwa kushona huru, kwa sababu mikono yenu inajua tayari na wao wanahitaji kuiona.